Kipande cha Jana na Kipande cha Leo

Lugha ni ghala la kumbukumbu. Watu husahau, karatasi huoza, na wazee huzikwa pamoja na habari zao. Lakini neno hubaki vinywani mwa watu likisema yaliyotendeka, hata kama alitamkaye hajui. Litazame, ewe msomaji, neno kibarua. Leo twamwita hivyo mtu atafutaye ujira wa kutwa, hali asili ya neno hilo ni barua ndogo: cheti alichopewa mtu wa kazi kishuhudie kwamba kazi yake ameifanya. Cheti kilitangulia na mtu akafuata nyuma. Mwisho jina la cheti likawa ndilo jina la mtu. Litazame neno kipande. Kijana wa Kenya atimizapo miaka 18 huambiwa akachukue kipande, naye huenda kwa furaha, asijue kuwa babu wa babu yake alikivaa kipande shingoni kama kengele ya mbuzi. Litazame tena neno boi. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, aliitwa mtoto wa kiume kwa lugha ya kigeni kwa kuwa alimpikia mwingine chakula na kumfulia nguo. Maneno haya matatu yana habari moja: mtu aliyeuza nguvu za mikono yake alitakiwa autoe na utu wake juu yake, kama nyongeza isiyolipiwa.

Nia ya insha hii ni kusema jambo moja tu, na kulisema wazi. Sheria yoyote imfungayo mfanyakazi kwa bwana mmoja, asiweze kumwacha ila kwa idhini ya bwana huyo, ni kipande, hata ikivikwa jina zuri namna gani, na hata ikitungwa na nani. Na jamii ikilaaniyo kipande cha jana darasani, kisha ikanyamazia kipande cha leo, haijaisoma historia, imeikariri tu.

Tuanze na jana, maana aliyoyaona babu ni mwanga kwa mjukuu. Wazungu walipokuja kukaa katika nyanda za juu za Kenya walipewa ardhi nyingi kuliko nguvu za kuilima. Walihitaji mikono, lakini wenye mikono walikuwa na mashamba yao, mifugo yao na shughuli zao, wala hawakuona sababu ya kumlimia mtu mwingine kwa ujira mdogo. Hapo serikali ya kikoloni ikatafuta hila. Haikuwafunga watu kwa kamba, iliwatoza kodi. Mwaka 1901 ilianza kodi ya nyumba, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa. Kodi ilitaka fedha, na fedha zilikuwa mkononi mwa mwenye shamba kubwa. Mwaka 1913 Gavana Belfield alisema bila kuficha kuwa kodi ndiyo njia pekee ya kumtoa mwenyeji katika eneo lake aende kutafuta kazi. Hatuna haja ya kubuni shutuma juu ya serikali ile; ilijishuhudia yenyewe.

Kodi ilimtoa mtu kwao, lakini haikumzuia kumwacha bwana mbaya na kumwendea mwema. Kwa hiyo kikatafutwa kifungo cha pili. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha, mnamo 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuwa na cheti chenye jina lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na ujira wake. Cheti kilitiwa katika kikebe cha chuma, na kikebe kikaning'inizwa shingoni. Mtu akitaka kuacha kazi ilimpasa mwajiri aandike katika cheti kwamba amemwachilia. Asiyeandikiwa hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Na akiondoka hivyo hivyo alikuwa mtoro, wa kutafutwa na polisi, kutozwa faini au kufungwa. Lihifadhi neno hilo mtoro, msomaji, maana tutakutana nalo tena.

Mnamo Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize watu wao, hata wanawake na watoto, waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Himizo la chifu mwenye askari ni amri, na kila mtu alilijua hilo. Mwaka huo huo wa 1919, huko Ulaya, mataifa yaliunda Shirika la Kazi Duniani ili kulinda haki za wafanyakazi. Kwa mkono mmoja dunia iliandika haki, na kwa mkono wa pili ilifunga kikebe shingoni mwa mtu.

Watu hawakunyamaza. Nyanza, mwaka 1921, Young Kavirondo Association ilipinga kodi na kipande. Nairobi mwaka huo huo, walowezi walipokata theluthi moja ya ujira wa wafanyakazi, Harry Thuku aliwakusanya watu katika East African Association. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliokuwa wakisitasita. Risasi zikapigwa, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilikiri vifo 21. Wengine walihesabu vingi zaidi. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa maelfu, na bandari ikasimama. Mwaka huo huo ikatungwa sheria nyingine, ya kuandikisha watu wa rangi zote mahali pa ile ya kipande. Hapo ndipo Wazungu wengi walipopiga kelele kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni fedheha kwa mtu mwungwana. Kumbe fedheha ile waliijua siku zote. Ila walidhani haimwumi Mwafrika.

Hayo ndiyo ya jana, nayo huyajibu katika mtihani ukapata alama zako. Sasa tuyatazame ya leo, ambayo hayana mtihani.

Maelfu ya vijana wa Kenya, na wengi wao wanawake, wamekwenda na wanakwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, hasa Saudia. Wanatoka Pwani, wanatoka Magharibi, wanatoka mitaa ya Nairobi na vijiji vya Mlima Kenya. Huko hukuta utaratibu uitwao kafala, neno la Kiarabu lenye maana ya dhamana. Kwa utaratibu huo mgeni hawi na ruhusa ya kukaa nchini kwa nafsi yake. Hukaa kwa dhamana ya mwajiri. Ruhusa ya kukaa imeshikamana na kazi, na kazi imeshikamana na mtu mmoja. Mfanyakazi akitoka katika nyumba ile bila ya ridhaa ya mwenye nyumba, mwenye nyumba aweza kupeleka habari kwa wakuu kuwa mtumishi wake ametoroka. Tangu saa ile yeye si mlalamikaji tena, ni mtoro. Ujira wake wa miezi mitatu haukulipwa? Ni mtoro. Alipigwa? Ni mtoro. Alinyimwa chakula? Ni mtoro. Hili ndilo neno nililokuomba ulihifadhi.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Waliposema hivyo walikuwa wakieleza desturi ya ua wa nyumba, si wakiandika sheria ya kuwatawala watu. Kuku hufunguliwa akizoea. Mfanyakazi huyu hafunguliwi kwa kuzoea. Hufunguliwa kwa hiari ya aliyemfunga.

Sisemi kuwa kila mwenye nyumba wa Ghuba ni dhalimu. Wako waajiri wema, na wako Wakenya waliorudi salama wakajenga nyumba na kusomesha ndugu zao. Lakini hata katika siku za kipande walikuwako walowezi wapole. Upole wao haukukifanya kipande kuwa haki. Haki ambayo mlango wake wa pekee ni wema wa bwana si haki. Ni sadaka, na sadaka hutolewa siku apendayo mtoaji. Wala sisemi kuwa hakuna lililobadilika. Mwaka 2021 Saudia ilianza mageuzi yaliyowaruhusu baadhi ya wageni kuhama mwajiri bila ya idhini yake. Jambo jema, msomaji. Lakini watumishi wa nyumbani hawakutiwa katika mageuzi yale. Mwaka 2024 zilianza kutumika kanuni mpya za watumishi hao, zenye kutaja siku ya mapumziko na kupunguza saa za kazi. Jambo jema tena. Lakini kanuni iliyoandikwa mjini humfaaje mtu ambaye ufunguo wa mlango hana, na simu yake imefungiwa kabatini? Kitu cha kwanza ambacho mnyonge anahitaji ni uwezo wa kutoka. Mwenye uwezo wa kutoka hutendewa vyema hata na bwana asiye mwema, kwa kuwa bwana anajua kuwa mtu huyu aweza kwenda zake.

Wako wasemao: mbona walikwenda wenyewe? Hakuna aliyewalazimisha. Maneno haya yana sura ya hekima, basi tuyapime. Mwanamume wa mwaka 1913 naye alikwenda mwenyewe. Alitembea kwa miguu yake mpaka shambani, akaomba kazi kwa mdomo wake. Mkononi mwa askari hapakuwa na kamba. Palikuwa na risiti ya kodi. Leo hakuna kodi ya kichwa, lakini iko karo ya mdogo wake, iko dawa ya mama yake, iko kodi ya chumba, na uko mji usio na kazi kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne. Hiari ya mtu huhesabiwa kwa idadi ya milango iliyo wazi mbele yake. Aliye na milango mitano akachagua mmoja, huyo amechagua. Aliye na mlango mmoja na nyuma yake moto, tusiseme amechagua, amekimbia. Na hata kama mtu alichagua kwa hiari timamu, hiari ya kuingia haifuti haki ya kutoka. Abiria hupanda gari kwa hiari yake, lakini dereva akimnyima kushuka, hiyo si safari tena.

Wako wasemao: lakini huleta fedha. Ni kweli, huleta. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu kuwa mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Sehemu kubwa zaidi ilitoka Marekani, lakini Saudia nayo imekuwa miongoni mwa nchi za mbele katika hesabu hiyo. Fedha hizo zimewavusha wengi. Basi mbona mwenye kuleta fedha hana heshima sawa na fedha aletazo? Shilingi yake ikipotea benki, sheria huitafuta. Mwenyewe akipotea, jamaa zake huzunguka kutoka ofisi hata ofisi. Mkulima mwenye busara humtunza ng'ombe kwa sababu ya maziwa, nasi twataka maziwa tu, tusiulizwe habari za ng'ombe. Tena mtu si ng'ombe. Hata asingeleta senti moja, haki yake ingekuwa pale pale.

Wako wasemao: tukidai mengi watachukua watu wa nchi nyingine. Hofu hii haikosi sababu, lakini tuitazame kwa mfano wa wengine. Ufilipino imepeleka wafanyakazi ng'ambo kwa wingi kutushinda sana, na kwa miaka mingi zaidi. Machi 1995 mtumishi wa nyumbani wa Kifilipino, Flor Contemplacion, alinyongwa huko Singapore kwa hukumu ya mauaji, na watu wa nchi yake wakajaa barabarani kwa hasira, wakisema kwamba serikali yao haikumtetea ipasavyo. Mwaka huo huo bunge lao likatunga sheria ya kuwalinda wafanyakazi walioko nje. Mwaka 2006 wakaweka kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa nyumbani: dola 400 kwa mwezi. Je, milango ya ajira ilifungwa? Haikufungwa. Mateso hayakwisha, wala sitakudanganya kuwa yalikwisha. Lakini nchi iliyosimama nyuma ya mtu wake ilipata cha kumtetea nacho. Sisi tulichagua njia nyingine. Mwaka 2012, na tena mwaka 2014, serikali yetu ilipiga marufuku kupeleka watumishi wa nyumbani Mashariki ya Kati. Marufuku haiondoi njaa. Mwenye haja akinyimwa njia kuu hupita njia ya panya, na katika njia ya panya hakuna mkataba, hakuna hesabu wala shahidi. Ikafunguliwa njia tena, na kilio kikaendelea. Kufunga mlango na kufungua mlango si sera, ni upepo.

Tena utazame tofauti ambayo karatasi huileta. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya ajira mjini Berlin. Mkenya aendaye Ujerumani kwa kazi ya ujuzi hukuta mahakama za kazi na sheria zimhesabuzo kuwa mfanyakazi kama wenyeji. Dada yake aendaye Riyadh kuosha vyombo hupanda ndege katika uwanja ule ule, akiwa na pasipoti ya rangi ile ile, ya Jamhuri ile ile. Mmoja ana sheria mbele yake, mwingine ana mwenye nyumba. Je, Jamhuri ina watoto wa ndani na watoto wa nje? Aliyesoma sana anahitaji ulinzi, lakini aliyesoma kidogo anauhitaji zaidi. Na sera ya haki huanza na mhitaji zaidi. Sera yetu mara nyingi imeanza upande wa pili.

Wako, mwisho, wasemao: hiyo ni sheria ya watu katika nchi yao, sisi tuna nini nayo? Neno hili ndilo la aibu kuliko yote, na jibu lake si mbali. Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Tazama nyumba zetu wenyewe. Ni nani aamkaye kwanza kabla ya jogoo, akalala mwisho baada ya taa zote kuzimwa? Ni nani aliaye chakula chake jikoni akiwa amesimama? Mwanamke wa miaka 35, mama wa watoto watatu walioko kwa bibi yao, twamwita msichana wa kazi. Tulimcheka Mzungu aliyemwita mtu mzima boi, kisha tukamwita mtu mzima msichana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa kila mfanyakazi siku ya mapumziko katika kila siku saba. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, ya hali njema ya kazi, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Kiko hata chama, KUDHEIHA, ambacho katika jina lake watumishi wa majumbani ndio watajwao kwanza. Yote hayo yako juu ya karatasi. Lakini waulize watumishi wa mtaa wenu ni wangapi wapatao siku hiyo ya saba. Nchi isiyomheshimu mtumishi jikoni mwake huenda kwa mataifa na ulimi mzito. Itamdaije mgeni kile ambacho yenyewe haikitoi?

Hata dunia nzima ilichelewa. Shirika la Kazi Duniani, lile lililoundwa mwaka 1919, lilipitisha mkataba wake juu ya watumishi wa nyumbani mwaka 2011. Hesabu mwenyewe: miaka 92. Wachimba migodi walikumbukwa, mabaharia walikumbukwa, watu wa viwandani walikumbukwa. Aliyepika chakula cha hao wote akakumbukwa baada ya miaka 92. Kwa nini? Kwa sababu kazi yake hufanywa nyuma ya mlango uliofungwa, na sheria, kama wanadamu waitungao, hukumbuka kile ikionacho.

Hapo ndipo fasihi iingiapo katika shauri hili. Usidhani kwamba nimeacha njia. Ikiwa dhuluma hustawi mahali pasipoonekana, basi mwandishi ndiye mwenye taa. Sembène Ousmane wa Senegal alikuwa kuli katika bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi. Aliona katika gazeti la Ufaransa habari fupi ya mtumishi Mwafrika aliyejiua. Kwa gazeti hiyo ilikuwa habari ndogo ya siku moja. Sembène akaifanya hadithi, ikatoka mwaka 1962, na mwaka 1966 akaifanya filamu: habari za Diouana, aliyetolewa Dakar kwa ahadi nzuri, akafungiwa kazini katika nyumba ya Antibes mpaka tumaini likamwisha. Gazeti lilihesabu maiti. Mwandishi akamrudishia marehemu jina, nyumba yao, na mawazo yake. Karibu nasi, Adam Shafi aliandika Kuli mwaka 1979 juu ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Wale waliokuwa migongo tu ya kubebea magunia wakawa watu wenye shauri na ushujaa.

Nawe umesoma, au utasoma, Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora. Amani huchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Imani hutumikia katika nyumba ya Mwalimu Majisifu. Watu hao wawili wadogo ndio wabebao ukweli wa kitabu. Na huyo Majisifu, msomi na mwandishi asifiwaye, alipata sifa kwa mswada alioiba, na mwenye mswada ni Amani, mchunga ng'ombe. Nawaambia wanafunzi kwamba hiki si kisa cha wizi wa karatasi tu. Ni picha ya jamii nzima: mfanyakazi hutengeneza, mkubwa hutia jina lake. Nyumba huitwa ya tajiri, hali matofali yalipangwa na mwingine. Mtoto husifiwa kuwa amelelewa vyema na wazazi wake, hali aliyemfundisha kunawa mikono na kusema ahsante ni yaya ambaye jina lake la baba hakuna alijuaye nyumbani mule.

Lakini vitabu vya namna hiyo ni vichache mno. Katika hadithi nyingi mtumishi huingia, huweka chai mezani na kutoka, na mwandishi hamfuati jikoni. Kwa hiyo nakupa kazi, nayo haina alama za mtihani. Usomapo kitabu chochote, mtafute aletaye chai. Uliza: jina lake nani? Analipwa nini? Akitaka kuondoka, aweza? Ukiona kitabu hakina jibu, jua kwamba mwandishi naye amekaa sebuleni. Na siku utakapoandika wewe, ingia jikoni.

Kusoma peke yake hakutoshi, na kuandika peke yake hakutoshi. Kipande cha zamani hakikufutwa kwa insha. Kilifutwa baada ya watu kusema, kukataa, kugoma, na wengine kufa. Basi na tujue tudaicho. Tudai kwamba mapatano yoyote ambayo Jamhuri yetu itafanya na nchi ipokeayo wafanyakazi wetu yaandike kwanza haki ya mfanyakazi kumwacha mwajiri bila ya kuwa mtoro. Tudai mkataba usomwe kwa lugha ambayo aendaye anaifahamu, kabla hajapanda ndege, si baada ya kushuka. Tudai pasipoti ikae mkononi mwa mwenyewe. Tudai wakala aliyechukua ada ya kumpeleka mtu achukue pia dhima ya kumrudisha mtu huyo akidhulumiwa. Tudai balozi zetu ziwe na watu wa kutosha wa kusikia kilio usiku na mchana. Na katika nyumba zetu tusingoje kudaiwa: mshahara wa sheria, siku ya mapumziko, mkataba ulioandikwa, na jina la mtu litamkwe lilivyo.

Wewe msomaji u kijana. Kesho utakuwa karani wa wizara, au wakili, au mbunge, au mwenye nyumba mwenye kuajiri. Huenda pia ukawa wewe mwenyewe umesimama katika uwanja wa ndege na mfuko mmoja, unakwenda kutafuta riziki ughaibuni. Hujui ni lipi kati ya hayo litakuwa fungu lako, na kwa kuwa hujui, itunge haki ambayo ungependa ikukute upande wowote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wasema watu. Lakini sheria hutungwa na walio hai, na walio hai hawana udhuru wa kutojua.

Aliyekataa kipande mwaka 1922 hakuwa na kura, hakuwa na Katiba, na mbele yake palikuwa na bunduki. Sisi tuna kura, tuna Katiba na tuna kalamu. Tukishindwa kusema, tusiwasingizie wakoloni.